Mjapani Aliyejifunza Kusuka Voi

Siku niliyowakabidhi Wakesho na Mercy funguo za saluni, waliniambia, "Mama Mwakio, ukienda na hayo yote kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Nikawajibu kwamba simu ninayo na namba wanaijua. Lakini nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, na nimegundua kuwa mtu aliyeshika vichwa vya watu maisha yake yote hawezi kuridhika kushika rimoti. Basi nimechukua daftari. Sitaandika nilipata nini wala nilipanda hadi wapi. Msusi hapandi popote. Anasimama palepale na watu ndio wanaopanda kitini na kushuka. Nitaandika vichwa ninavyovikumbuka, na kimoja hasa.

Nilishuka Voi kutoka Mwatate nikiwa msichana aliyemaliza shule bila mpango wowote. Shangazi yangu alinipeleka kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyekuwa akisuka uani kwake nyuma ya soko. Siku ya kwanza hakunipa hata kitana. Alinionyesha pembe ya mkeka akasema, "Kaa hapo, mwanangu, uangalie shingo."

"Shingo ya nani?"

"Ya kila atakayekaa. Kinywa cha mteja kitakwambia haumii, maana ana haya. Shingo haina haya."

Wiki nzima nikaangalia shingo. Ni kweli. Mshipa ukisimama pale chini ya sikio, umevuta mno, legeza. Mabega yakipanda, pumzisha mkono. Wiki ya pili alifunga katani kwenye msumari wa mlango, ile katani ya mashamba ya mkonge ya kwetu, akaniambia nisuke mpaka katani ichoke. Nilichoka mimi. Nilipoanza kuota nikisuka, alinipa kichwa cha kweli, cha binti yake Salma, aliyekuwa mdogo na mwenye kulia kabla hajaguswa. Siku Salma aliposinzia mikononi mwangu, Bi Zuhura alisema, "Sasa umekuwa msusi," akarudi kwenye chungu chake. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kuhitimu.

Kichwa kilichonifunza zaidi mwanzoni kilikuwa cha bibi harusi kutoka Mata, kule karibu na mpaka. Alikuja na mashangazi wa pande mbili. Upande wa mama walitaka nywele zinyooshwe na kukunjwa. Upande wa bwana walitaka asukwe, tena kwa uzi. Walibishana saa nzima juu ya kichwa chake, nami nikigeuka huku na huku kama mtu anayeangalia mpira. Bibi harusi mwenyewe hakusema neno. Mwishowe nikainama nikamuuliza sikioni, "Wewe unataka nini?" Akaanza kulia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu posa. Alitaka kusukwa mistari midogo ya kurudi nyuma, na ndivyo alivyoolewa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni kwa mwenye kichwa. Aliyemleta nitamsikiliza baadaye, nikipata nafasi.

Sina vita na wigi, wala na dawa ya kulainisha. Nimeuza wigi nyingi, na nyingine zimewapendeza watu kuliko nywele zao. Wala sijidai kwamba nchi yetu ina adabu kubwa na nywele zetu. Shule ngapi hapa kaunti hii zinamnyoa msichana kipara siku ya kufungua? Mimi binafsi nimekula vizuri kwa sababu ya shule hizo, kwa kuwa kila likizo wasichana walinijia na nywele za urefu wa punje ya mchele wakiniomba muujiza. Nasema hivi mapema ili mtakaposoma ninayosema kuhusu Wajapani msidhani nawacheka.

Walikuja asubuhi ya Jumatatu, wakati wa likizo ya shule, miaka michache kabla vidole havijaanza kunisumbua. Mbele aliingia msichana wa Nairobi, Achieng, ambaye alisomea Kijapani na alikuwa mkalimani wao. Nyuma yake msichana mrefu mwenye miguu ya mkimbiaji, amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Wa mwisho alikuwa Mjapani mwembamba wa miaka thelathini na kitu, amebeba mabegi mawili, akatuinamia sote, pamoja na mteja aliyekuwa chini ya draya, ambaye hakumwona.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema Achieng. "Huyu ni Naomi, ni mwigizaji. Na huyu ni Kenji, ndiye fundi wao wa nywele. Tuna shida."

Shida yenyewe alinieleza hivi. Walikuwa wakitengeneza tamthilia ya televisheni ya kwao, ya mapenzi na michezo. Shujaa wake ni Hana, mama Mjapani, baba Mtaita. Hana yuko katika timu ya shule ya mbio ndefu za kupokezana, zile ambazo Wajapani hawapokezani kijiti bali mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Anampenda kijana wa timu ya wavulana aliyeumia goti. Kijana naye anampenda, ila hasemi.

"Hasemi mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka kipindi cha mwisho, mama."

"Mimi ningekuwa nimeolewa na mwingine."

Achieng akatafsiri. Naomi akacheka, na hapo kitambaa kikateleza, nikaona. Chini yake kulikuwa na wigi ya nywele nyeusi zilizonyooka kama mvua, imegandishwa na gundi. Na chini ya wigi, alipoivua, kulikuwa na nywele zilizofungana kama pamba iliyokanyagwa. Kingo za paji la uso zilikuwa zimekatika.

Naomi mwenyewe, kama Hana, ana mama Mjapani na baba Mkenya, na kuzaliwa na kukua kwake ni huko Japani. Aliniambia, Achieng akifuata nyuma ya maneno yake, kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimchana huku analia. "Alikuwa hajui pa kuanzia, na hakuwa na wa kumuuliza. Tulikuwa tunalia wote wawili." Shuleni aliambiwa anyooshe nywele zifanane na za wenzake. Sasa alikuwa amepata bahati ambayo msichana kama yeye hapati kwao, kuwa ndiye anayependwa katika hadithi badala ya rafiki wa anayependwa, lakini vipindi vyote vilivyorekodiwa huko alivaa wigi, kwa kuwa hakuna fundi aliyejua kushika nywele zake.

Nilimtazama Kenji. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Anasema anaona aibu," Achieng akasema. "Alisomea kazi hii miaka mingi na hakuna siku alifundishwa nywele kama hizi. Aliogopa kumuumiza, ndiyo akatumia gundi."

"Mwambie aibu aiache mlangoni. Avue koti, anishikie maji."

Nikamuuliza Naomi swali langu. Akasema anataka aweze kukimbia bila kushika kichwa.

Tulifungua zile nywele tangu saa tatu mpaka saa nane. Mafuta, maji ya uvuguvugu, chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye shina, fungu kwa fungu. Kenji alichora kila hatua kwenye daftari, hata jinsi nilivyoshika kidole gumba. Halafu nikamsuka Naomi twende kilioni, mistari minane ya kurudi nyuma, myepesi na safi. Mtindo huo una jina la msiba kwa sababu mtu husukwa upesi awahi matanga. Kenji alitaka kujua maana yake. Achieng alisita, kisha akamwambia maana yake ni "twende pamoja." Niliacha lipite. Mkalimani naye ni msusi, anajua pa kulegeza.

Kesho yake akaja mwongozaji, Bwana Mori, mzee mpole mwenye kofia ya jua. Alipomwona Naomi alikaa kitini bila kualikwa. Kumbe kwenye mpango wake, Hana anafika kwa bibi yake mlimani Taita, anavua kofia, na nywele zinalipuka ovyo, hazijachanwa, ishara kwamba sasa yuko huru.

"Mama," Achieng akaniambia, "anauliza kama unaweza kuzifumua na kuzitimua zikae kama… kama za porini."

Nikamwomba anitafsirie pole pole. "Mwambie hivi. Msichana anakwenda kumsalimia bibi yake aliyemzaa baba yake, mara ya kwanza maishani. Hawezi kufika hajachanwa. Bibi atadhani mtoto ana msiba au hana mama. Huku kwetu, ukienda kwa bibi unasukwa. Na kama hukusukwa, bibi hakupi hata maji kabla hajakukalisha chini akusuke. Uhuru ataupata baadaye."

Bwana Mori alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Bibi angemsuka yeye mwenyewe?"

"Kama vidole vinafanya kazi, ndiyo."

Akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi zake na kufuta kurasa mbili. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Wakirudi Japani walikuwa na mbio za mwisho za kurekodi, siku kadhaa mfululizo, na kichwa cha Hana lazima kifanane kila siku. Nani angemsuka huko? Watayarishaji walikuwa wamemwambia wazi, kama mtindo hauwezi kurudiwa, wigi inarudi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Naomi na niliiona shingo yake, mshipa umesimama.

"Kenji atamsuka," nikasema.

Achieng alinitazama kabla ya kutafsiri. Kenji alipolisikia akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Bwana Mori akasema sawa, watajaribu Ijumaa. Kenji atamsuka Naomi peke yake, mimi nisiguse. Ikishindikana, wigi.

Basi Kenji akawa mwanafunzi wangu kwa siku tatu. Jioni ile nilimfungia katani kwenye msumari. Alisuka katani mpaka saluni ikafungwa, akaenda nayo hotelini, akarudi nayo asubuhi imesukwa yote, na vidole vimevimba. Nikampeleka kwenye vichwa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna Mjapani anasuka bure, na wasichana wa likizo walijaa mpaka barazani. Wa kwanza alikuwa binti wa darasa la saba mwenye ulimi mkali. Kenji alipomaliza, mama mmoja muuza mitumba alizunguka kile kichwa akakikagua.

"Hii ni barabara ya Wundanyi," akasema. "Kona juu ya kona."

Saluni ikaangua kicheko. Achieng alitafsiri kwa uaminifu, na Kenji akaomba aonyeshwe picha ya barabara ya Wundanyi. Alipoiona akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akafumua akaanza upya. Hapo ndipo niliamini ataweza. Fundi anayeweza kucheka kona zake atanyoosha.

Alikuwa na kasoro moja kubwa, aliogopa kuumiza, kwa hiyo mistari ililegea. Nilijaribu kueleza nikashindwa. Alhamisi nikamwita Bi Zuhura. Alikuwa amezeeka na haoni vizuri, lakini Salma, binti yake yule mlizi, ambaye sasa ana duka la viungo sokoni, alimleta akamkalisha kando ya Kenji. Bi Zuhura aliomba aweke mkono wake juu ya mkono wa kijana. Wakasuka hivyo, mikono miwili ya Kenji na mmoja wa bibi juu yake, mstari mzima.

"Mwambieni," akasema alipomaliza, "kuna kushika kwa hofu na kuna kushika kwa huruma. Kwa hofu, nywele zinakuponyoka. Kwa huruma, zinatulia. Mkono wake mwepesi, alhamdulillahi. Asiogope kitu."

Achieng alichukua muda kulitafsiri hilo. Kenji alimwinamia Bi Zuhura mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Bi Zuhura hakuona, ila Salma alimweleza, naye akasema mtoto ana adabu, wamlishe.

Siku hiyohiyo mchana kulikuwa na kisa kingine sokoni, nikiandike maana nacho ni cha kazi. Walikuwa wanarekodi Hana akipita sokoni. Msaidizi mmoja kijana alimwomba Salma atoke mbele ya duka lake kwa sababu ya buibui. Alisema watazamaji wa kwao watachanganyikiwa, watadhani ni nchi nyingine. Pia alitaka pikipiki ziondolewe na mama wa mboga afiche simu.

Salma alisimama mlangoni pake akasema taratibu, "Mimi nimezaliwa hapa nyuma ya soko. Nikitoka mimi, hiyo itakuwa Voi ya wapi?"

Achieng hakutafsiri. Alimwendea Bwana Mori moja kwa moja. Naomi naye akaenda. Sikujua wanasema nini, ila Naomi alisema mengi, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Baadaye Achieng aliniambia. Naomi alisema, "Maisha yangu yote naambiwa nitoke kwenye picha ili watu wasichanganyikiwe. Sitapita soko hilo bila yule mama." Bwana Mori alivua kofia, akaenda mwenyewe kwa Salma kuomba radhi. Kisha akamwomba, kama hatajali, Hana anunue iliki kwake. Salma akakubali, kwa sharti kwamba iliki inunuliwe kweli. Pikipiki zikabaki. Mama wa mboga akapokea simu katikati ya kurekodi, na nasikia hilo nalo limebaki.

Ijumaa asubuhi Kenji alifika amenyoa ndevu kama anayeoa. Mimi nilikalishwa nje barazani, mikono mapajani. Wakesho, aliyekuwa mpya kazini wakati huo, alikuwa akinichungulilia dirishani na kuniletea ripoti.

"Amegawa, mama. Amegawa vizuri."

Baadaye, "Ameanza wa pili."

Baadaye, "Amesimama. Anapumua."

"Mwache apumue."

"Sasa amefumua wa tatu."

Nilitaka kuinuka. Bwana Mori, aliyekaa benchi lilelile, alitikisa kichwa polepole, akanipa peremende. Tukala peremende. Ilimchukua saa nne. Mimi humaliza kwa moja na nusu. Lakini walipotoka nje kwenye jua, nilimzunguka Naomi nikaona mistari minane, mmoja nyuma ya sikio la kushoto umepinda kidogo kama mtu aliyegeuka kuitwa. Shingo yake ilikuwa laini kabisa. Alikuwa amelala katikati ya kazi, Wakesho akasema.

Bwana Mori hakusema ndiyo wala siyo. Alisema, "Akimbie."

Tukaenda barabara ya Taveta, upande wa Mraru, mahali palipo wazi pembeni mwa lami. Mpango ulikuwa Naomi akimbie kutoka mtini mpaka kwenye gari lenye kamera, kama mita mia mbili, asimame. Alianza polepole. Nilimwona akipeleka mkono kichwani mara moja, kama alivyozoea kushikilia wigi. Hakukuwa na cha kushikilia. Mkono ukashuka. Akaongeza. Akafika kwenye gari akalipita. Msaidizi akaita, hakusikia, au alisikia. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walipanda pikipiki wakamfuata kwa mbali wakipiga honi, mbuzi wakatawanyika, na Naomi akazidi kuwa mdogo kule mbele na vumbi jekundu miguuni. Kenji alikuwa anakimbia pembeni mwa barabara na kitana mkononi, sijui kwa nini.

Aliporudi, kwenye pikipiki, alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alizungumza na Bwana Mori kwa pumzi fupi.

"Anasema samahani," Achieng akaniambia, na yeye mwenyewe macho yalikuwa yamelowa. "Anasema alisahau kwamba ni lazima asimame."

Bwana Mori akageuka kwa mpiga picha, akauliza kitu. Mpiga picha akaonyesha kidole gumba. Walikuwa wamerekodi yote. Wigi ikaisha hapo, au ndivyo tulivyodhani.

Kilichobaki kilikuwa kwa bibi, kwenye nyumba ya mawe juu ya Mwatate, yenye mabati, mashamba ya ngazi na migomba nyuma. Waliyempata kuwa bibi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye uso mzuri mno. Ila hakujua kusuka hata kidogo; maisha yake yote alisukwa na wengine, tena baadhi na mimi. Ikabidi wapige uso wake juu na mikono yangu chini. Nilijibanza nyuma ya kiti chake na kanga yake ikanifunika kichwa, mikono yangu ikatokea kama yake. Bwana Mori akauliza bibi wa kweli angesema nini wakati huo. Nikawaambia hasemi mambo makubwa. Anasema, "Tulia. Kichwa kigumu kama cha baba yako." Mwalimu akalisema kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, vizuri sana. Naomi, ambaye hakujua Kidawida, akatulia kweli. Walipomaliza tulikula kimanga cha mihogo na maharagwe, na Kenji akarudia mara tatu, kwa hiyo wosia wa Bi Zuhura ulitekelezwa.

Siku ya kuondoka walipita saluni kuaga. Gari lilipowaka, nikaona ile wigi imekaa kwenye kichwa cha plastiki dirishani kwangu. Nikaichukua nikakimbia nayo.

"Kenji, umeacha hii."

Kenji akaizungushia mikono yangu akaifunga, akasema neno moja.

"Anasema amesahau," Achieng akatafsiri.

"Lakini si anaiona."

Wakasemezana. "Anasema bado amesahau."

Sikuelewa mpaka mwezi uliofuata, Achieng aliponipigia simu. Mbio zilikuwa zimerekodiwa, Kenji akisuka kila siku ya tatu, sasa kwa saa mbili. Ila ilipofika siku ya kijana kusema mapenzi yake, watayarishaji waliingiwa na woga. Walisema watazamaji wamezoea msichana wa siku hiyo awe na nywele zinazopeperuka. Wakaagiza wigi iletwe. Kenji akawaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba iko Kenya, katika mji unaoitwa Voi, na kutengeneza nyingine ifanane kungechukua wiki ambazo hawakuwa nazo. Naomi naye akasema, "Kama anampenda Hana, atampenda na kichwa chake." Wakarekodi.

Tuliitazama tamthilia hiyo saluni, Jumapili mbili mfululizo alasiri. Achieng alishuka na treni na kompyuta yake, akawa anatutafsiria hapohapo, kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Watu walijaa, wengine wakakaa kwenye masinki. Salma alipotokea na iliki yake, soko zima lilipiga makofi, na mama wa mboga akataka turudishe nyuma aione simu yake tena. Mikono yangu ilipotokea ikisuka, wote waligeuka kuniangalia mikono, nami sikujua niiweke wapi. Imefika Japani, mwenyewe sijafika. Bi Zuhura, asiyeona skrini, aliuliza, "Wanasuka vipi?" Nikamwambia ni mistari minane, mama. "Anavuta?" Nikasema havuti.

Kijana wa goti aliendelea kutosema. Mercy alivumilia mpaka akashindwa. "Si aseme tu, huyu, ama tumsaidie?" Na aliposema, pale mwisho wa mbio, hakusema maneno mengi. Alimtazama Hana aliyeloa jasho, vumbi usoni, mistari imelowa lakini imeshika, akamvisha ule mshipi begani akasema, "Nimekuwa nikikungoja." Muuza mitumba ndiye aliyetangulia kutoa hukumu. Alisema amechelewa, lakini si vibaya.

Baada ya hapo Naomi alipata kazi nyingine, na bado hunitumia picha za kichwa chake, nami humwambia ukweli. Kenji aliacha mambo ya kurekodi. Amefungua chumba kidogo katika mji wake, na mlangoni, Achieng aliniambia, ameandika kwamba anajua nywele za kila namna. Nilidhani hatapata mtu. Kumbe kina mama walikuwa wamejaa huko, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake: wengine wameolewa na Waghana, wengine na Wabrazili, wengine na Wakenya, wote wana watoto na hawajui namna ya kuwachana. Wengine husafiri na treni nusu siku.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu, simu ikalia. Kenji ametuma picha ya mtoto wa miaka sita hivi, nywele fupi sana, za kukunjika, nyuma ya sikio zimekatika kwa kunyooshwa. Siku hizi huniandikia mwenyewe, kwa Kiswahili cha simu. "Mwalimu, mama yake anataka mtoto kusuka leo. Nywele hazishiki. Niongeze za bandia?"

Nilikuza picha nikaiangalia. Macho ya mtoto yalikuwa chini.

Nikamwandikia, "Umemuuliza mtoto?"

Akaenda kumuuliza. Kisha, "Anasema anataka kuwa mzuri."

Nikachapa kwa kidole kimoja, maana vingine havinitii vizuri. "Usiongeze kitu. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu. Mpake mafuta kidogo, mchane kwa chanuo, zizungushe zikae duara. Mama yake asimame karibu aone unavyofanya. Halafu mpe mtoto kioo, akishike mwenyewe."

Nikaenda jikoni kuweka chai. Niliporudi picha ya pili ilikuwa imefika. Mtoto ameshika kioo kwa mikono miwili, meno mawili ya mbele hayapo, na nyuma yake mama yake, na chanuo mkononi.